Doa Jekundu Chini ya Betri

Tarehe 2 Mei 2012, mwanamke wa miaka ishirini na sita alitia saini mkataba wa kupanga kibanda namba 31 katika ukumbi wa mafundi, ghorofa ya chini ya jengo la soko. Kwenye nafasi iliyouliza aina ya biashara aliandika "kutengeneza gemu". Karani wa jengo alimuuliza kama alimaanisha kutengeneza au kucheza, akacheka peke yake, kisha akagonga muhuri.

Kibanda bado ni kilekile. Akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Meza imetandikwa mpira wa kijani uliotobolewa na matone ya risasi ya kulehemu. Juu yake kuna taa yenye kioo cha kukuza, mswaki wa zamani wa kusafishia bodi, na trei za mayai ambamo kila shimo hubeba skrubu za kifaa kimoja. Wiki ya kwanza majirani walimwona akipekua meza nzima akitafuta bisibisi ambayo alikuwa ameichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Tangu siku hiyo anaitwa Bisibisi. Hata mama yake mzazi, alipokuwa hai, alipiga simu ofisi ya jengo akauliza, "Bisibisi yupo hapo?"

Bisibisi ndiye mtoto wa kwanza. Wa mwisho ni mwanamume, aliyekuwa fundi wa vigae mpaka miguu ilipovimba akashindwa kuvaa viatu vya kazi. Hospitali ilikuta shinikizo la damu limemla figo zote mbili bila kelele. Dada yake alipimwa ili ampe moja ya kwake. Daktari akamwambia kwamba shinikizo lake nalo liko juu, figo haitolewi, na yeye mwenyewe aanze dawa. Alikwenda akitarajia tarehe ya upasuaji, akarudi na pakiti ya vidonge. Mdogo wake akahamia sebuleni kwake. Mumewe, ambaye alikuwa amekwisha kuchoka kuruka miguu ya shemeji kila asubuhi, aliondoka bila ugomvi. Alichukua pasi na redio.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mdogo wake husafishwa damu. Wodi ni chumba kirefu chenye viti vya kulalia vilivyopangwa ukutani, kila kiti na mashine yake. Mshipa wake uliunganishwa katika mkono wa kushoto, na kwa muda wote wa zamu mkono huo hulala juu ya mto, sindano mbili ndani, haukunjwi. Ukikunjwa, mashine inapiga kelele, na sista anakuja na kelele zaidi ya mashine. Mtu hubaki na mkono mmoja, dari moja, na asubuhi nzima.

Ndipo Bisibisi akamnunulia kifaa cha gemu cha mkononi. Alikinunua kwa jirani yake wa kibanda, fundi anayeitwa Kipara, ambaye ana nywele nyingi na hakumbuki nani alimwita hivyo. Ganda lilikuwa jeusi, safi, bila mkwaruzo. Diski aliyomchagulia ilikuwa ya gemu ya kujenga mji: unaweka barabara, nyumba, maji, taa, na hakuna anayekukimbiza. Inachezeka kwa dole gumba moja.

Kwa miezi kadhaa alijenga peke yake. Kisha mgonjwa wa kiti cha jirani, dereva wa malori ya mizigo, alinyoosha shingo akatazama.

"Wewe, hiyo kona lori halipiti."

"Hakuna lori humu."

"Saruji ya hizo nyumba imeletwa na nini, mabawa?"

"Basi jenga wewe."

"Lete."

Sista aliyekuwa karibu alisema hakuna kitu kitakachovuka kutoka kiti hadi kiti bila kufutwa. Alichovya pamba kwenye spiriti, akakifuta kifaa mbele na nyuma, akampa dereva. Dereva alijenga mtaa mzima wenye kona pana, na mwisho wake akaweka gereji. Baada yake kikaenda kwa mwalimu wa hesabu, aliyejenga nyumba za mraba kwa safu sawasawa na kukataa kuongeza mti hata mmoja. Kikaenda kwa mama mmoja mshonaji, aliyejenga soko na kubadilisha rangi ya mapaa, jekundu, bluu, jekundu, bluu, mpaka mwalimu akamwambia anamuumiza macho.

"Funga macho, mwalimu. Si umelala?" alimjibu.

Walianza kumwita mwenye kifaa Meya, naye akaitika. Meya aliweka sheria moja: mtaa wa mtu haubomolewi na mtu mwingine.

Dereva alifariki mwisho wa juma, kati ya zamu na zamu. Mwalimu alifuata mwaka uliofuata. Viti vyao vilipata watu wengine ndani ya siku chache, kwa kuwa watu wanaosubiri viti ni wengi kuliko viti. Mitaa yao ilibaki. Mke wa dereva alipokuja kuchukua blanketi la mumewe, Meya alimwita akamwonyesha mtaa. Alitazama kwa muda.

"Nyumba yake ni ipi?"

"Hakuweka nyumba, shemeji. Aliweka gereji."

"Ndiye huyo," mwanamke akasema. Alicheka, akaacha kucheka, akakunja blanketi. Kila alipopita karibu na hospitali baada ya hapo aliingia dakika chache, akauliza kama anaweza kuuona mtaa, akauona, akaenda zake. Mara ya mwisho alisema atamleta mama mkwe wake, aliyekuwa kijijini wakati mwanawe anajenga na hajawahi kuuona.

Hapo ndipo kifaa kilipoanza kuchoka. Lenzi inayosoma diski ilikuwa imebadilishwa na Bisibisi mara mbili. Lenzi hufikiwa kwa mlango mdogo wa nyuma, kazi isiyohitaji kufungua kifaa kizima wala kutoa betri. Sasa lenzi mpya zilikuwa hazitengenezwi tena, na zilizokuwa sokoni zilikuwa zimetolewa kwenye vifaa vingine vilivyochoka. Diski yenyewe ilikuwa na mikwaruzo. Mji ulichukua muda mrefu kufunguka, na siku nyingine haukufunguka kabisa. Skrini iliandika kwamba diski haisomeki, na Meya alitazama dari mpaka zamu ikaisha.

Dawa ilijulikana. Bisibisi angetoa nakala ya diski yao, aiweke kwenye kadi ya kumbukumbu, na kifaa kisome kadi badala ya diski. Lakini mfumo wa kiwandani unakubali diski halisi tu, nakala unaipita kama haipo. Ilibidi kuweka mfumo mbadala, na mifumo mbadala ya kifaa hicho ni ya aina mbili. Wa kudumu unaandikwa ndani ya bodi, mahali pa ule wa kiwandani, na kifaa kikiwashwa unaamka wenyewe. Wa kupita unapakiwa kutoka kwenye kadi. Unakaa maadamu kifaa kina umeme, kikizimika unapotea, na inabidi uupakie upya. Wa kudumu unafaa bodi za zamani peke yake. Ukiuandika kwenye bodi mpya unafuta sehemu inayokiamsha kifaa, na katika sehemu hiyohiyo mna ufunguo wa kila kilichohifadhiwa. Mji ulikuwa kwenye kadi, lakini ulifungwa kwa ufunguo wa bodi ile moja. Kadi ile ukiitia kwenye kifaa kingine, hata cha aina moja, utaambiwa data imeharibika.

Waliyazungumza sebuleni, mchana wa Jumanne, Meya akiwa amejinyoosha kwenye kochi na bandeji mkononi, rangi ya uso wake kama karatasi ya mfuko wa saruji.

"Tutaweka wa kupita," Bisibisi alisema. "Hauandiki kitu. Ukikataa, tunazima, tumerudi tulipokuwa."

"Unawashwaje?"

"Unashika vibonye viwili vya juu, kulia na kushoto kwa pamoja, unawasha, unaendelea kushika mpaka taa ibadilike rangi."

Meya aliinua mkono wa kulia, akauonyesha. Kisha akaonyesha ule wenye bandeji. "Huu asubuhi zile si wangu, dada."

"Sista atakushikia."

"Sista ana wodi nzima na mashine zinalia kama vifaranga. Nimwite, sista njoo nibonyezee gemu?"

"Uwashe hapa nyumbani, uende nacho kikiwaka."

"Kwa betri ile? Ile inazima ikijisikia. Na kikienda kwa mama mshonaji kikazima, yeye naye mkono mmoja. Wodi nzima ni watu wa mkono mmoja."

Bisibisi alimsogezea mto chini ya mkono wenye bandeji.

"Weka wa kudumu," Meya alisema. "Uwake wenyewe, mtu asiombe mtu."

"Wa kudumu ukikosea bodi haurudi nyuma. Unajua mna nini humo."

"Najua mna nini humo, mimi ndiye meya." Alifumba macho. "Na wewe huwa hukosei bodi."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa na sababu. Ukumbini kuna desturi wanayoiita kuvisha. Kifaa chenye bodi nzima na ganda lililochakaa huvuliwa, kikavishwa ganda zuri la kifaa kilichokufa. Hakuna anayeona ni wizi, kwa kuwa mteja anataka kitu kinachong'aa. Tatizo ni stika inayotaja aina ya kifaa: imebandikwa kwenye ganda, chini ya betri, na ganda likihama inahama nalo. Kwa hiyo fundi anayevisha bodi mpya ganda la zamani hutia tone la rangi nyekundu ya kucha kando ya stika. Fundi mwingine akitoa betri akaona doa, anajua stika haiaminiki. Asipoona doa, anaiamini. Mafundi walikubaliana hivyo ili wasiulizane siku nzima na wasifungue vifaa ovyo, maana kila kufungua kunachosha nyaya za utepe zilizo nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kwa kifaa cha mteja asiyemjua, Bisibisi huwa haishii kwenye doa. Hupakia kwanza mfumo wa kupita, ambao skrini yake hutaja aina ya bodi, ndipo aamue. Kifaa cha mdogo wake alikijua. Alikuwa amekifungua mlango wa nyuma mara mbili. Upande wa bodi, ulio chini ya skrini, hakuwahi kuufungua, na hakutaka: kifaa kiliwahi kuanguka wodini, na tangu hapo kifungio cha utepe wa skrini kilikuwa na ufa. Kukifungua kungeweza kuiua skrini.

Siku ya kazi ilikuwa Ijumaa. Meya alikuja kibandani, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda kwenye usaili. Kibanda cha pili, nyuma ya ubao mwembamba, Kipara alikuwa akibishana na mteja juu ya mpira.

Bisibisi alinakili kadi yote mara tatu, kwenye kadi tatu. Alibandua plasta iliyoshikilia betri, kwa kuwa mfuniko wake ulivunjika siku ile ya kuanguka. Akatoa betri, akavuta taa. Stika ilitaja aina ya zamani. Kando yake palikuwa safi, peusi, pakimeta.

"Ni ya zamani," alisema.

"Si nilikuambia."

Alirudisha betri, akaunganisha umeme wa ukutani ili betri isije ikawasaliti katikati, akaanzisha kuandika. Mstari ulitambaa kwenye skrini kutoka kushoto.

"Kikimaliza nataka nianze kwa kurekebisha taa za mtaa wa mwalimu," Meya alisema. "Ziliungua. Alikuwa hataki miti lakini taa alizipenda."

"Usiiguse meza."

"Sijaigusa."

Mstari ulifika mwisho. Kifaa kikazima ili kijiwashe upya, kama kinavyopaswa. Taa ya kijani iliwaka, ikakaa kidogo, ikazima.

Bisibisi alisubiri. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa iliwaka, ikazima. Alitoa betri, akarudisha. Akachukua betri nyingine kutoka kwenye droo. Taa iliwaka, ikazima.

"Dada."

"Subiri."

"Dada, kinafanya nini?"

"Nimesema subiri."

Ubishi wa mpira ulinyamaza. Kichwa cha Kipara kilichungulia juu ya ubao. "Nini?"

"Nimekiflashi, nimekiwekea mfumo."

"Kipi? Hicho nilichokuuzia?" Alizunguka, akaingia, akamsukuma mteja wake kwa kiwiko bila kumtazama. "Umeweka upi?"

"Wa kudumu."

"Bisi. Hicho nilikivisha."

"Stika ya zamani, Kipara. Hakuna doa."

"Stika! Ganda ndilo la zamani. Doa nililitia kwa mkono huu, rangi ya mke wangu, akanigombeza mpaka nikamnunulia chupa nyingine." Alikichukua, akatoa betri, akakiweka chini ya kioo. Alikigeuza upande huu na huu. Kisha akachukua sindano na kugusa ndani ya mfereji mdogo, pale springi ya betri inapoingia. Ncha ya sindano ilitoka na unga wa waridi, kiasi cha punje ya chumvi.

"Mmekuwa mkikifuta kwa kitu gani?"

Meya ndiye aliyejibu. "Spiriti. Kila kikibadilisha mtu. Sista anafuta kote."

"Mpaka ndani?"

"Mfuniko haupo. Anafuta mpaka ndani, halafu anabandika plasta mpya. Ile ya zamani anaibandua."

Spiriti ililainisha, plasta ikabeba, zamu baada ya zamu, mpaka pakawa safi. Mteja wa Kipara aliuliza kama amsubiri au aende. Kipara akamwambia aende.

Walikifungua. Kifungio cha utepe kilikatika mara tu skrini ilipoinuliwa, na haikuwa na maana tena. Chini yake palikuwa na bodi mpya, namba zake zimeandikwa kwa herufi nyeupe zinazosomeka bila kioo. Kipara alitumia alasiri nzima akijaribu kuinua kipande cha kumbukumbu kwa upepo wa moto ili kukisoma nje ya bodi. Alikiinua kikiwa kizima, wakakisoma. Mahali pa ufunguo palikuwa na mfumo wa kudumu, umeandikwa vizuri, bila kosa hata moja.

"Ningekuuliza tu," Bisibisi alisema. "Ulikuwa hapo."

"Na mimi ningekuambia siku ya kukuuzia," Kipara alisema. "Lakini doa si lilikuwepo."

Meya alikuwa bado kwenye ndoo. Aliuliza zile kadi tatu zina nini.

"Mji," dada yake alisema. "Wote. Haukosi hata taa."

"Ila haufunguki."

"Haufunguki."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya maabara, akasimama, akasema anakwenda nyumbani kulala. Alikataa kusindikizwa.

Jumamosi Bisibisi hakufungua kibanda. Aliingia wodini na mdogo wake, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi, kwa kuwa haipendi harufu ya pale na huogopa kuona sindano zikiingia. Alitazama ukuta mpaka zilipoingia.

"Meya, mji wetu ni mzima?" mama mshonaji aliuliza kutoka kiti cha tatu.

"Umezimika, mama."

"Umeme?"

"Bodi."

"Na soko langu?"

"Lipo kwenye kadi. Halifunguki."

Mama mshonaji alitazama damu yake ikizunguka kwenye mirija. "Ni huyo dada yako fundi?"

"Ni mimi," Bisibisi alisema.

"Haya, njoo hapa useme. Mimi siwezi kuja."

Bisibisi alisogeza kiti cha wageni, akaeleza: ganda, stika, doa, spiriti. Hakumtaja sista, lakini sista alikuwa akibadilisha chupa kiti cha pili na alisikia. Aliacha kazi kidogo, chupa mkononi, kisha akaendelea.

"Kwa hiyo ulipima nguo, hukumpima mtu," mama mshonaji alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yangu yote cherehani sijafanya hivyo." Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Nimefanya. Suti ya bwana harusi. Lakini ile niliifumua."

Mtu aliyekalia kiti cha dereva, kijana wa benki aliyeanza wiki ile, aliuliza ni mji gani huo unaozungumzwa. Meya aligeuzia uso ukutani. Mama mshonaji akamwambia kijana anyamaze, mashine yake inataka kulia, ingawa haikuwa inataka kulia.

Mke wa dereva alifika Alhamisi iliyofuata pamoja na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya kufunika, alivyoambiwa hospitali inavitaka, na alivitembelea kwa uangalifu kama vitu vya kuazima. Bisibisi alikuwapo tena. Alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba hilo atalisema mwenyewe, akawasubiri mlangoni na kulisema pale, kabla hawajaingia.

Mke wa dereva alisikiliza mpaka mwisho. "Na huwezi kukitengeneza."

"Siwezi. Na aliyeniuzia hawezi. Nimeuliza na wengine."

"Mama ametoka mbali."

"Najua."

Mama mkwe aliuliza wanasema nini. Mkwewe akamwambia kile chombo kimeharibika. Bibi akauliza kama barabara zake zilikuwa nzuri.

"Pana," Bisibisi alisema. "Lori linakata kona bila kurudi nyuma. Mwishoni kuna gereji."

"Hakuweka nyumba?"

"Hakuweka."

Bibi alisikitika kwa sauti, bila maneno, kisha akasema yule mtoto hata alipokuwa mdogo alikuwa akilala chini ya gari la babake. Mke wa dereva aliuliza kama zile kadi bado zipo. Bisibisi alikuwa nazo mfukoni, kwenye kibahasha cha skrubu.

"Nipe moja."

"Haifunguki, dada. Usije ukalipia mtu akakuambia atakufungulia. Atakudanganya."

"Umeshasema haifunguki. Nipe."

Alimpa. Mwanamke aliitia ndani ya pochi, nyuma ya picha ndogo ya kitambulisho cha mumewe, akafunga zipu. Hawakuingia wodini. Bisibisi aliwatazama wakishuka ngazi, bibi akishika ukuta kwa sababu ya viatu.

Tangu hapo ukumbini wamebadilisha desturi kidogo. Kipara haweki rangi ya kucha tena. Anakwaruza alama kwenye plastiki kwa ncha ya chuma cha kulehemu, na amewashurutisha wenzake kufanya hivyo, kwa maneno mengi na matusi machache. Bisibisi na yeye wanasalimiana kila asubuhi. Chai hawanywi tena pamoja, na hakuna aliyetangaza hivyo.

Kifaa kilichokufa kipo kwenye trei ya mayai, skrubu zake zote katika shimo moja. Kipo kingine. Bisibisi alikipata kwa fundi wa mtaa wa nyuma, na kabla ya kukubaliana alikifungua mbele ya mwenyewe mpaka bodi ikaonekana. Ni bodi mpya. Kinakubali mfumo wa kupita tu, na kila kikizimika kinahitaji mikono miwili kukiamsha. Ndani yake kuna nakala ya gemu, na kiwanja kitupu cha majani, mto upande mmoja.

Meya amesema hatakicheza. Alisema hivyo mara moja, akila, bila hasira, na hajarudia. Mama mshonaji amesema yeye soko lake analikumbuka, bluu inaanzia kushoto, lakini wiki hizi mbili hajisikii vizuri na wamembadilishia dawa.

Kwenye mlango wa kibanda namba 31 kuna karatasi mpya inayosema kwamba Jumanne, Alhamisi na Jumamosi fundi anafungua baada ya adhuhuri. Jumanne atakwenda na mdogo wake wodini. Atatazama ukuta mpaka sindano ziingie, atashika vibonye vyote viwili mpaka taa ibadilike rangi, kisha atakiweka kifaa juu ya blanketi, upande wa mkono wa kulia, na kukaa.